Waridi linaweza kustawi Njisi, mradi lipangiwe msimu wake

APRILI ikiingia Njisi, jani la mwaridi halipati nafasi ya kukauka. Mvua ya usiku huliacha likichuruzika mpaka saa nne asubuhi, jua hutoka kidogo, kisha wingu jingine hutanda kutoka upande wa ziwa. Baada ya wiki chache majani huota madoa meusi, hugeuka manjano na kupukutika, na mti uliokuwa fahari ya baraza hubaki fito tupu zenye miiba. Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Huung'oa mti, hupanda kitu kingine mahali pake, na tangu siku hiyo huamini kwamba waridi ni la Mbeya na Tukuyu, ua la watu wa baridi.

Makala haya yanapinga imani hiyo. Waridi linaweza kustawi Njisi, Kasumulu, Ipinda, Matema na kwingineko katika bonde la Kyela. Linamtaka mwenyewe mambo matatu: aijue kalenda ya mvua ya kwao, auondolee mti maji yanayotuama kwenye mizizi, na achague aina iliyokwisha kulizoea joto la ziwani. Anayeyatimiza hayo ana haki ya kutarajia maua ya kuchuma tangu mwishoni mwa Julai hadi mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza.

Nchi ya maji mengi

Njisi iko kwenye tambarare, upande wetu wa Mto Songwe, jirani na mpaka wa Kasumulu, tunapopakana na Malawi. Ziwa Nyasa lenyewe liko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya bonde la Kyela imeinuka kidogo tu kuliko ziwa. Ukielekea kaskazini ardhi inapanda ghafla. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500, na kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 3,000. Hewa yenye unyevu inayotoka ziwani ikikutana na milima hiyo hulazimika kupanda, hupoa, kisha humwaga maji iliyobeba. Ndiyo maana Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma kwa kawaida haifikishi hata theluthi moja ya kiasi hicho.

Maji hayo ndiyo utajiri wa Kyela. Ndiyo yanayolea mpunga unaotoa mchele wenye jina nchi nzima, ndiyo yanayolea mikakao, michikichi na migomba. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeshusha udongo wenye rutuba bondeni kwa karne nyingi. Mwaridi nao unapenda rutuba. Usichokipenda ni kusimama majini na kulala na majani yaliyolowa, na masika ya Kyela huleta yote mawili kwa wingi.

Ukitazama mahali waridi lilipopata umaarufu, utaona karibu kote ni milimani. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya yako Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu maua ya kusafirishwa nje yamelimwa hasa mkoani Arusha, katika ukanda wa Tengeru na Usa River, chini ya Mlima Meru. Oman ni nchi ya jua kali, lakini mawaridi yake mashuhuri hayalimwi pwani ya Muscat. Hulimwa kwenye miteremko ya Jabal Akhdar, karibu mita 2,000, ambako huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei na kuchemshwa ili kupata marashi. Hata mwaridi wa asili wa Afrika, unaoitwa kitaalamu Rosa abyssinica, huota porini katika nyanda za juu za Ethiopia.

Sababu yake inaeleweka. Usiku wa baridi hulifanya chipukizi likue polepole, shina likarefuka na tumba likajaa petali. Kwenye joto kila kitu hukimbia: shina hubaki fupi, ua hufunguka kwa siku moja au mbili, na rangi hupauka mapema. Kwa hiyo anayepanda mwaridi Njisi asitarajie ua kubwa la shina refu kama lile linalouzwa limefungwa kwenye karatasi mijini. Atapata maua madogo zaidi, ya mafungu, yanayochanua mara nyingi zaidi. Ukikubali hilo tangu mwanzo, nusu ya masikitiko imekwisha.

Kyela haina mwinuko, lakini ina msimu. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hupungua sana, usiku hupoa, na upepo wa ziwani hukausha majani mapema asubuhi. Hiyo ndiyo miezi ya waridi katika bonde hili, na kazi yote ya mwaka inapaswa kupangwa kwa ajili yake.

Ugonjwa unaoua miwaridi ya Kyela

Madoa meusi huletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba macho hayazioni, na husafiri kwa matone ya maji yanayoruka kutoka jani hadi jani au kutoka ardhini kwenda juu. Zikishatua juu ya jani zinahitaji unyevu usiokatika wa takriban saa saba ili kupenya ndani. Jani likikauka kabla ya hapo, maambukizi hushindikana. Likibaki limelowa usiku kucha, doa litaonekana baada ya siku kadhaa, likiwa jeusi na lenye kingo zilizochanikachanika, na jani litakuwa njiani kuanguka.

Mtu akiielewa hesabu hiyo ya saa saba, anaielewa sehemu kubwa ya utunzaji wa waridi katika nchi yenye mvua. Kwa nini mti upandwe panapopigwa na jua la asubuhi? Ili umande ukauke mapema. Kwa nini miti iachiane nafasi? Ili upepo upite. Kwa nini maji ya kumwagilia yaelekezwe kwenye shina, tena asubuhi? Ili majani yasilale yamelowa. Kwa nini ardhi ifunikwe kwa matandazo? Ili tone la mvua lisirushe tope lenye kuvu kwenye majani ya chini.

Hatua ya kwanza dhidi ya ugonjwa huu ni mikono. Kila wiki okota majani yaliyoanguka na uchume yenye madoa, kisha yachome au yafukie mbali. Usiyaweke kwenye shimo la mboji, kwa maana utakuwa unaurudisha ugonjwa bustanini pamoja na mbolea. Dawa za ukungu zenye kopa au mankozebu husaidia zikipuliziwa kabla ugonjwa haujatapakaa. Kazi yake ni kulikinga jani zima, na doa lililokwisha kujitokeza haliondoki. Nunua dawa iliyosajiliwa kwenye duka la pembejeo linaloaminika, soma lebo, vaa glavu na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na usipulizie upepo unapovuma kuelekea kisimani au jikoni.

Mti upi wa kupanda

Kosa linalowagharimu wengi hutokea siku ya kwanza. Mtu hupewa shada la mawaridi kwenye sherehe, huvutiwa na ua, kisha huchomeka kijiti chake ardhini akitumaini kitashika. Hata kikishika, kimetoka kwenye mti uliochaguliwa kwa ajili ya nyumba ya plastiki, ambako mvua haigusi jani na mizizi hulishwa kwa kipimo. Ukiuleta mti huo chini ya mvua ya Kyela umeupeleka vitani bila ngao.

Miwaridi haifanani kwa asili. Zamani aina nyingi za Ulaya zilichanua mara moja tu kwa mwaka. Miwaridi kutoka China, iliyopelekwa huko mwishoni mwa karne ya 18, ndiyo iliyoleta kwa nguvu tabia ya kuchanua tena na tena, na ilikuwa imezoea nchi za joto. Kutokana na kuzichanganya damu hizo, mwaka 1867 mkulima Mfaransa Jean-Baptiste Guillot alitoa waridi aliloliita La France, linalohesabiwa kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa yenye tumba refu la kuchongoka. Uzao huo wa kisasa ndio unaopendwa zaidi kwenye mashada, nao mara nyingi ndio unaosumbuliwa zaidi na madoa meusi. Aina za zamani zenye asili ya China, zile zinazotoa maua madogo kwa mafungu, na zile zinazotambaa kwenye uzio, huvumilia joto vizuri zaidi.

Msomaji hahitaji kuyajua majina yote hayo. Kuna kipimo chepesi na cha uhakika kuliko jina lolote: tafuta mwaridi ambao umekaa kwenye ua wa mtu hapa hapa Kyela kwa zaidi ya masika matatu na bado una majani. Huo umekwisha kufaulu mtihani. Nenda kwa mwenye nyumba kwa adabu, omba vijiti viwili vitatu, naye akipenda maua hatakunyima.

Kuotesha vijiti

Wakati mzuri wa kuchukua vipandikizi ni Juni, mvua inapokatika. Chagua tawi lenye afya ambalo limetoka kumaliza kuchanua, lenye unene wa penseli. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, ukianzia chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Changanya mchanga wa mtoni na mboji iliyooza sawasawa, jaza kwenye viriba au makopo yaliyotobolewa, kisha zamisha theluthi mbili za kijiti. Weka chini ya kivuli chepesi. Kichanja kilichoezekwa kwa makuti ya michikichi kinatosha.

Udongo uwe na unyevu lakini usitote. Hapa ndipo vijiti vingi huoza, kwa sababu mtu humwagilia kila anapopita. Bonyeza udongo kwa kidole. Ukiwa bado na ubaridi wa maji, acha. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Usivute kijiti kuangalia kama kimeshika, maana mizizi michanga hukatika kirahisi. Subiri chipukizi jipya likue na kufungua majani kadhaa. Miche ya Juni itakuwa tayari kuhamishiwa bustanini Agosti au Septemba, nayo itapata miezi ya kujijenga kabla mvua kubwa haijarudi.

Tuta kabla ya mbolea

Kabla ya kupanda, upime udongo wako kwa maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze, liache likauke, ulijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji ndani, hapo pasichimbwe shimo la kupandia mwaridi, hata ungetia samadi bora kiasi gani. Udongo wa mfinyanzi unaofaa kwa majaruba ya mpunga utaizamisha mizizi ya mwaridi ikose hewa na kuoza.

Dawa yake ni tuta. Inua kitanda cha udongo sentimita 30 hadi 40 kutoka usawa wa ua, upana wake uwe kama mita moja, na kando yake chimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza pamoja na maganda ya mpunga. Kyela ina neema hapa, kwa kuwa maganda hayo hurundikana kwenye mashine za kukoboa na aghalabu huishia kuchomwa. Yakichomwa taratibu mpaka yawe meusi bila kugeuka majivu, huulegeza udongo mzito na kuruhusu hewa ipite. Yakitumika mabichi yawekwe juu kama matandazo, kwani ukiyachanganya ndani ya udongo kwa wingi, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mti naitrojeni kwa muda.

Mvua nyingi pia huosha chokaa ya asili na kuufanya udongo uwe na tindikali. Mwaridi hupendelea tindikali hafifu, kipimo cha pH 6 hadi 6.5. Chokaa ya kilimo kidogo, au majivu ya kuni kiasi cha kiganja kimoja kwa mti mara mbili kwa mwaka, husaidia kurudisha uwiano.

Mahali pa tuta pachaguliwe kwa makini. Mwaridi unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Usiupande chini ya mgomba wala mkakao, na usiupande pale maji ya bati yanapomwagikia. Miti iachiane kati ya sentimita 75 na mita moja. Kwa wapangaji wa Kasumulu wasio na kipande cha ardhi, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kwa mti mmoja, na ina faida moja ambayo tuta halina: Machi na Aprili unaweza kuisogeza chini ya upenu, mahali penye mwanga ila mvua haipigi. Usiweke kisahani cha kukinga maji chini yake, kwa maana maji yanayotuama huozesha mizizi na kuzalisha mbu.

Mpunga ukivunwa, shika mkasi

Kupogolea ndiko kunakoamua mti utachanua lini, na ndiko watu wengi wanakokuogopa. Mwaridi usiopogolewa hurefuka, hujifunga katikati, hukosa hewa na kuwa makazi ya kuvu. Kwa Kyela, wakati wa kupogolea kwa nguvu ni Juni, mvua zinapokuwa zimepungua na mpunga mwingi umetoka shambani. Hali ya joto ikiwa nzuri, mti huchukua wiki sita hadi nane tangu siku ya mkasi hadi ua la kwanza. Mti uliopogolewa mapema Juni utachanua mwishoni mwa Julai au Agosti, wakati majani makavu na usiku wa ubaridi vinaupa nguvu.

Anza kwa kuondoa matawi yaliyokufa na yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana, kisha yanayoelekea katikati. Bakiza matawi manne au matano yenye afya, yakae wazi mfano wa kikombe, na uyapunguze hadi urefu wa sentimita 40 hadi 60. Kata mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linaloangalia nje ya mti, ili chipukizi jipya lielekee nje. Mkasi uwe mkali, na ufutwe kwa spiriti kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine, kwani ugonjwa husafiri pia kwa chuma.

Baada ya hapo, kila ua likinyauka likate. Shuka na tawi mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano, ukate juu yake. Ukiliacha ua lililonyauka, mti huweka nguvu kwenye tunda la mbegu badala ya matumba mapya. Anayetaka maua ya Krismasi apunguze matawi kidogo mwishoni mwa Oktoba. Mvua kubwa zikishaanza, acha kupogolea kwa nguvu. Kazi ya miezi hiyo ni kuokota majani, kufungua mifereji na kuuvusha mti ukiwa hai.

Kama mwaridi wako ulinunuliwa ukiwa umebebeshwa kwenye shina la mti mwingine, angalia chini ya uvimbe wa mabebesho. Chipukizi lolote linaloota chini ya hapo ni la mti wa mizizi. Likiachwa litauzidi nguvu mwaridi ulioununua. Livunje mapema kutoka linakoanzia.

Chakula, maji na wadudu

Katika nchi ya mvua nyingi, mbolea inayowekwa yote kwa mara moja huondoka na maji. Mpe mti kidogo kidogo: koleo moja la samadi iliyooza au mboji kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa kukua, likitandazwa kuzunguka shina bila kuligusa. Samadi ya kuku ioze kabisa kwanza, kwani ikiwa mbichi huunguza mizizi. Maganda ya kakao, ambayo wakulima huyaacha shambani baada ya kutoa mbegu, yana potasiamu nyingi inayosaidia maua na uimara wa shina. Yakioza kwenye mboji ni chakula kizuri. Jihadhari na mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Majani yatakuwa mengi na laini, na hayo ndiyo vidukari na kuvu wanayoyapenda.

Kuanzia Julai hadi Oktoba mti utahitaji kumwagiliwa. Lita 10 kwa mti mkubwa, mara mbili au tatu kwa wiki, zinazofika chini kwenye mizizi, zina faida kuliko kikombe kimoja kila jioni. Matandazo ya unene wa sentimita tano hutunza unyevu huo.

Kiangazi kina wadudu wake. Vidukari hukusanyika kwenye matumba machanga. Wapukutishe kwa mkono au kwa maji, na wakizidi pulizia maji yaliyochanganywa na sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jua likiwa halijawa kali. Jaribu kwanza kwenye tawi moja. Utitiri mwekundu huja wakati wa vumbi, hasa kwenye nyumba zilizo kando ya barabara ya magari makubwa yanayoelekea mpakani. Majani hupauka kwa vidoti vidogo na chini yake huonekana utando mwembamba. Kuosha upande wa chini wa majani kwa maji asubuhi na mapema huwapunguza sana, na hiyo ndiyo mara pekee inapofaa kuyalowesha, kwa sababu jua litayakausha mara moja.

Linda na mikono yako pia. Kuna kuvu wa udongoni na wa mimea anayeweza kuingia mwilini kupitia mchomo wa mwiba na kusababisha vidonda vinavyopanda mkononi polepole. Vaa glavu nene, osha jeraha kwa sabuni, na ukiona kidonda hakiponi nenda kituo cha afya ukaeleze kwamba ulichomwa na mwiba.

Miche ya kuvuka mpaka

Kwa mkazi wa Njisi, Malawi ni jirani wa kutembeleana. Watu wana ndugu pande zote za Songwe, na ni rahisi kurudi na kijiti cha waridi ndani ya mfuko. Tafadhali usifanye hivyo. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, mimea na vipandikizi vinavyoingia nchini vinatakiwa kuwa na vibali na kukaguliwa, na kazi hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Kijiti kinachoonekana kizima kinaweza kubeba mdudu au kuvu ambaye hayupo kwetu. Wilaya inayoishi kwa kakao, mpunga na ndizi haipaswi kuhatarisha mazao yake kwa ajili ya ua, hata liwe zuri namna gani. Miwaridi ya kutosha ipo tayari ndani ya Kyela.

Ua ni sehemu ya heshima ya nyumba

Wapo watakaouliza, faida yake nini? Tuseme kweli: Njisi haitakuwa Naivasha. Maua ya kukatwa hutaka chumba cha baridi na usafiri wa haraka, na joto la bonde halimsaidii mwuzaji. Fedha ndogo inayoweza kupatikana hapa ni ya miche iliyozoea mazingira haya na maua ya harusi na ibada za karibu, hasa katika miezi baada ya mavuno ambapo sherehe huwa nyingi. Mwenye mikono mizuri anaweza kuongeza kipato cha nyumbani kwa viriba 50 vya miche bora.

Lakini faida kubwa ya mwaridi haiko sokoni. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya usafi wa makazi ya watu wa huku, nyumba zao zilizojengwa kwa ustadi na migomba iliyotunzwa kandokando yake. Kupenda mazingira ya nyumba si jambo tulilofundishwa juzi. Wazee wa Kinyakyusa walifagia chini ya migomba kila asubuhi, na mgeni aliijua nyumba yenye adabu kabla hajakaribishwa kiti. Mwaridi uliotunzwa vizuri mbele ya baraza unaendeleza desturi hiyo hiyo.

Inasikitisha kuona leo makaburini na madhabahuni tukijaza maua ya plastiki yanayopauka kwa jua na kubaki takataka kwa miaka, katika wilaya ambayo mmea wowote ukidondoshwa unaota. Shule zetu zina eneo na zina watoto wenye nguvu. Makanisa na misikiti yana viwanja. Kila taasisi ikiwa na tuta moja la miwaridi mitano, tutakuwa na maua halisi ya kumpa bibi harusi na ya kumsindikizia marehemu, na watoto watajifunza kupogolea, kutengeneza mboji na kuusoma ugonjwa kwenye jani, maarifa watakayoyatumia pia kwenye kakao na mboga.

Maofisa ugani nao wanaombwa wasilione waridi kuwa ni mchezo wa watu wenye muda. Anayejifunza kuinua tuta, kufungua mfereji na kuokoa mti dhidi ya ukungu amejifunza kilimo. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, jijini Mbeya, hakiko mbali, na maswali kuhusu udongo na magonjwa ya mimea yanaweza kupelekwa huko.

Basi, msomaji wa Njisi na Kyela yote, usisubiri mvua ili upande mwaridi. Tumia miezi inayotangulia Juni kutafuta ule uliovumilia masika kwa jirani yako, inua tuta, andaa mboji. Juni ikifika kata kijiti chako na ukioteshe. Mti ukishika, mwakani nawe toa vijiti vitatu bure kwa mwingine. Waridi la Kyela litaenea kwa njia hiyo, kutoka ua hadi ua, bila kusubiri mtu wa kutoka milimani aje kutuletea.